Una kaka wangapi? Mkato wa Kiingereza unataka kujua

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natafsiri barua pepe za mradi mmoja, washiriki 34, wametoka nchi tofauti tofauti, kwa hiyo kila tangazo likitoka kwa Kiswahili lazima liende na Kiingereza chake. Siku hiyo bosi kaandika sentensi moja tu: "Washiriki ambao hawajaleta ripoti hawatalipwa." Basi, hakuna cha ziada. Nikaitafsiri chapuchapu, nikaisoma kwa sauti, nikaona kama inakosa pumzi hivi, nikaipachika mikato miwili ikakaa vizuri machoni: "The participants, who have not submitted their reports, will not be paid." Nikabonyeza tuma nikaenda kunawa uso.

Kurudi nakuta majibu tisa. Mmoja kaambatisha ripoti yake upya na picha ya siku aliyoituma mara ya kwanza. Mwingine kaandika kwa herufi kubwa tupu. Mwingine, huyu Kiingereza ndio lugha ya kwao, kauliza kwa ustaarabu kabisa: kwa hiyo katika sisi wote hakuna hata mmoja aliyetuma? Nikarudi kusoma sentensi yangu mara tatu nne na sikuona kosa. Maneno yote yapo, tahajia iko sawa, gramma nimeikagua. Bosi akanipigia, "Ndugu yangu, umewaambia nini hawa watu?" Nami nikajibu kwa ujasiri wote, nimewaambia ulichosema wewe.

Wasioleta ripoti walikuwa sita tu. Mimi, kwa mikato miwili, nilikuwa nimewanyima malipo watu 34.

Yaani angalia. Bila mikato, "The participants who have not submitted their reports will not be paid" inachambua watu: kati ya washiriki wote, chukua wale wasioleta ripoti, hao ndio hawalipwi, wengine wasiwe na shaka. Ukiweka mikato inageuka kuwa taarifa mbili zilizobebana. Ya kwanza, washiriki hawatalipwa. Ya pili, na hawa washiriki, kwa taarifa yako, hawajaleta ripoti. Wote. Hakuna anayechambuliwa hapo, kapu zima limemwagwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilifanya vile nilivyofundishwa. Darasani sisi tuliambiwa mkato ni mahali pa kupumua. Nukta unapumzika sana, mkato unapumzika kidogo. Na jina lenyewe lilitusaidia kupotea, maana vitabu vingine vinaiita hii alama kipumuo, sasa ukishaitwa kipumuo utafanya kazi gani nyingine? Kwa hiyo kwa miaka yote nimekuwa nikiandika Kiingereza kwa mapafu. Sentensi ikirefuka, mkato. Nikihisi msomaji kachoka, mkato.

Siwalaumu sana walimu, kwa sababu hizi alama kweli zilianza kama mambo ya pumzi. Karibu miaka 200 kabla ya Kristo, pale Alexandria, mkuu wa maktaba aliyeitwa Aristophanes wa Byzantium aliweka vidoti kwenye maandishi ya Kigiriki, kingine juu, kingine katikati, kingine chini, ili mtu anayesoma kwa sauti ajue atulie kwa muda gani. Enzi hizo kusoma kulikuwa zaidi ni kusoma kwa sauti, na maneno yaliandikwa yameshikana bila nafasi, kwa hiyo bila kidoti unaishiwa hewa katikati ya jina la mtu. Halafu huo mkato wenye mkia tunaoujua leo ulipata umbo lake huko Venice, kwenye kiwanda cha uchapaji cha Aldus Manutius, miaka ya 1490 hivi, kabla ya hapo wengi walitumia kamstari kalikolala upande.

Ila sasa kuna kitu nilikigundua kikanifurahisha mno. Neno lenyewe la Kigiriki, komma, halina pumzi ndani yake hata chembe. Maana yake ni kipande kilichokatwa, limetoka kwenye kitenzi cha kukata. Lilikuwa jina la kipande cha sentensi kabla halijawa jina la alama. Kwa hiyo aliyetupa neno mkato kwa Kiswahili, awe alijua Kigiriki au hakujua, alipiga msumari kichwani, na sisi tunaosema kipumuo ndio tuliopotea njia. Mkato unakata. Mikato miwili inakata kipande cha sentensi pande zote mbili, ili ukitaka uweze kukinyanyua na kukiweka pembeni, na sentensi iliyobaki isimame kwa miguu yake na bado iwe ya kweli.

Hicho ndicho kipimo ninachotumia mpaka leo. Nanyanyua kipande, nasoma kilichobaki. "The participants will not be paid." Je, ni kweli? Hapana, si kweli! Basi kile kipande hakinyanyuki, ni nguzo ya nyumba sio pazia, toa mikato. Wanasarufi wana majina yao ya heshima kwa hizi aina mbili, mimi kichwani naziita kishazi cha kuchagua na kishazi cha kuongezea. Cha kuchagua kinajibu swali "yupi?" Cha kuongezea kinakuta yupi ameshajulikana, kinaongeza umbea tu.

Na ndio maana mikato hii inakuja kwa jozi. Makosa mengi ninayoyaona kwenye kazi za watu (na zangu nikiwa na usingizi) ni mkato mmoja wa kufungulia halafu wa kufungia umesahaulika, sentensi inabaki kama mlango wazi usiku. Sentensi ikiishia hapo hapo nukta inafunga, sawa, lakini kama inaendelea, funga.

Sasa tufike penye utamu, maana hapa ndipo nilipoanza kuuogopa mkato kwa heshima. Mkato huu unahesabu watu, au vitu, miji, wake, tamthilia, chochote kile. Ukiandika "Shakespeare's play Hamlet" bila mkato umesema tamthilia ya Shakespeare ile inayoitwa Hamlet, ziko nyingine. Ukiandika "Shakespeare's play, Hamlet," na mikato yako pande mbili, umesema Shakespeare ana tamthilia moja tu duniani na jina lake ni Hamlet, zile nyingine thelathini na ushee umezizika. Lakini "Shakespeare's wife, Anne Hathaway," inataka mikato, kwa sababu mke alikuwa mmoja. Ukiitoa mikato hapo, msomaji mkorofi atakuuliza wa pili anaitwa nani.

Umeona mchezo ulivyo? Hakuna gramma inayoweza kukwambia uweke mkato au usiweke hapo. Lazima ujue wake wa huyo bwana ni wangapi. Kanuni nyingine zote za lugha unaweza kuzifuata ukiwa umejifungia chumbani na kamusi, hii inakutoa nje ukaulize majirani.

Majina ya pekee kwa kawaida yanadai mikato, London ni London, ikishatajwa inajulikana, kwa hiyo "London, which lies on the Thames," na mikato yake miwili. Lakini kuna London nyingine Canada, kwenye jimbo la Ontario, na ajabu yake nayo imepitiwa na mto unaoitwa Thames! Hapo ndipo unaweza kusema "the London that is in Ontario" bila mkato, maana sasa unachagua. Na watu wa mashairi wanautumia mlango huo huo, "the London that I knew," London ile niliyoijua mimi, kama vile kuna London tele zimepangwa kabatini na kila mtu ana yake. Mkato uliokosekana hapo umeugawa mji.

Upande wa pili kuna maneno ambayo hayakubali mkato hata ukiyabembeleza. Every, any, no, everyone. "Everyone who came late was sent home" ni sawa. Weka mikato: "Everyone, who came late, was sent home," na dunia nzima imechelewa, dunia nzima imerudishwa nyumbani. Ninayo sentensi ya aina hii niliyoiandika zamani kwenye barua ya kuomba kazi. Sitaionyesha.

Halafu kuna ile ya which inayoshika sentensi nzima, hii mimi naipenda kuliko zote. "He passed the exam, which surprised his teacher." Kafaulu, na huko kufaulu kwake kumemshangaza mwalimu. Pole sana kijana. Toa mkato: "He passed the exam which surprised his teacher." Sasa kilichomshangaza mwalimu ni mtihani wenyewe, labda ulikuwa mgumu, labda ulikuja siku isiyo yake, na kijana kaufaulu, heshima yake imerudi. Alama moja ndogo kuliko sisimizi, na imeamua kama mtoto wa watu ni mjinga au ni kichwa.

Hapa lazima nigusie that na which kwa sababu najua kuna mtu ameshaanza kuandaa comment. Ndiyo, wahariri wengi wa Marekani wanataka that kwa kishazi cha kuchagua na which, yenye mkato, kwa cha kuongezea. Ni mpangilio mzuri, hata mimi naufuata nikiwaandikia Wamarekani. Lakini sio amri iliyoshuka mlimani. H. W. Fowler, Mwingereza aliyeandika kamusi ya matumizi ya Kiingereza, ndiye aliyeupigia debe sana mwaka 1926, na yeye mwenyewe alikiri kwamba sio desturi ya waandishi wengi wala ya waandishi bora. Waingereza mpaka leo wanatumia which kuchagulia bila wasiwasi. Na ukirudi nyuma kwenye Biblia ya King James ya 1611 unakuta "the things which are Caesar's", vitu vile vilivyo vya Kaisari, inachagua kabisa na ni which na hakuna mkato. Kwa hiyo kazi ya kutofautisha, ukiniuliza mimi, inafanywa na mkato. Neno linasaidia tu. Na kwa watu, kwenye who, hakuna hata neno la kusaidia, who ni ile ile pande zote, mzigo wote umebebwa na mkato peke yake. Ndio maana mimi nilianguka kwenye who.

Biblia hiyo hiyo ina sala ambayo kila mtu anaijua: "Our father which art in heaven". Mkato haupo. Ukiisoma kwa miwani ya leo inachagua, baba yetu yule aliye mbinguni, sio yule aliyekaa sebuleni. Matoleo mengi ya sala yanayosomwa siku hizi yanaandika "Our Father, who art in heaven," na hapo Baba ameshajulikana, mbinguni ni maelezo ya ziada kuhusu makazi yake. Sijui kama kuna mwenye kuswali aliyewahi kusitasita juu ya hilo. Sisi tunasema "Baba yetu uliye mbinguni" na habari imeisha, ile -ye imejishikiza mwishoni mwa kitenzi, huwezi kupenyeza mkato hapo hata kwa wembe.

Nadhani mzizi wa tatizo letu uko hapa hapa. Kirejeshi cha Kiswahili, yaani ile amba- au ile -ye-, hakijali. "Washiriki ambao hawajaleta ripoti" inaweza kuwa sita kati ya 34, inaweza kuwa wote, mazingira yataamua. "Kaka yangu anayeishi mbali" haikwambii kama ninao wawili au mmoja. Tukitaka kuchagua kweli kweli tunaita yule na wale: kaka yangu yule anayeishi mbali, wale washiriki ambao hawajaleta. Na tukitaka kuongezea, kwa kawaida hatutumii kirejeshi kabisa, tunavunja sentensi tunaanza nyingine kwa naye au tena au halafu: kaka yangu amepiga simu, naye siku hizi anaishi mbali. Kazi ambayo Kiingereza kimempa mdudu mmoja mwenye mkia, sisi tumewagawia maneno mazima yenye sauti yake. Kwa hiyo anayefikiri kwa Kiswahili akiandika Kiingereza, ule mkato anauona kama urembo, kwa sababu kwao maana iko kwenye neno.

Sio kwamba mkato kwetu hauna meno, la. "Mama Asha amefika" na "Mama, Asha amefika" ni habari mbili, kwenye ya kwanza aliyefika ni mama, kwenye ya pili ni mtoto. Tunajua kabisa mkato unaweza kuhamisha mtu. Tunasahau tu tukishavuka kwenda lugha nyingine.

Kwenye kuongea Waingereza wenyewe hawapati shida, sauti inafanya kazi, kishazi cha kuongezea kinasemwa kwa sauti iliyoshuka kidogo na kituo pembeni, unasikia kabisa kwamba mtu kageuza kichwa akakunong'oneza. Kwa hiyo pumzi ipo, walimu wangu hawakudanganya moja kwa moja. Walichogeuza ni mpangilio tu. Pumzi inafuata maana, wakatufundisha maana itafuata pumzi.

Na msidhani ni mambo ya wahariri wasio na kazi. Mahakama Kuu ya Marekani, ile ya juu kabisa, mwaka 2003 ilikaa kitako kuamua which moja inashika wapi. Mama mmoja alikuwa mwendesha lifti, nafasi yake ikafutwa, akaomba mafao ya ulemavu. Wanaotoa mafao wakamwambia bado unaweza kufanya ile kazi yako ya zamani. Akajibu, sawa, lakini hiyo kazi haipo tena ya kutosha kwenye uchumi wa nchi! Sheria yenyewe inasema mtu anahesabiwa hawezi kazi kama hawezi "his previous work" wala "any other kind of substantial gainful work which exists in the national economy". Swali: hiyo which exists, ya kazi iliyopo kwenye uchumi, inashika kazi nyingine peke yake, au inarudi nyuma kushika na kazi ya zamani? Mkato kabla ya which haupo, kishazi kimeng'ang'ania jirani yake. Majaji wote wakasema inashika jirani peke yake, kazi ya zamani haihusiki hata kama imetoweka, na mama akashindwa.

Jaji Scalia ndiye aliyeandika hukumu, na akatoa mfano wa kijana anayeachwa nyumbani peke yake na wazazi, wanamwambia utaadhibiwa ukifanya pati au shughuli nyingine yoyote inayoharibu nyumba. Kijana anafanya pati, anakamatwa, anajitetea kwamba hakuna kilichoharibika. Hatoki! Ile "inayoharibu nyumba" ni ya shughuli nyingine, pati imekatazwa kama pati. Mfano mtamu, nakubali, ila kila nikiusoma namfikiria yule mama wa lifti, ambaye hoja yake kwa akili ya kawaida ilikuwa na uzito wote, maana utarudije kwenye kazi ambayo haipo? Binafsi nafikiri walisoma sentensi vizuri na mama alionewa na sentensi.

Siku hizi watu wananiambia wewe unajitesa, si kuna programu za kusahihisha. Zipo, na mimi ninayo, na kila nikiandika which bila mkato inanipigia mstari: weka mkato au tumia that. Chagua. Sasa hayo ndiyo yale yale, inaniachia mimi swali lote. Programu haijui ripoti ngapi zimeletwa, haijui Shakespeare alioa mara ngapi, na mimi familia yangu sijaiandikisha humo.

Mhariri wangu angalau aliuliza. Hiyo ilikuwa baadaye sana, nimeandika makala kwa Kiingereza kuhusu nyumbani kwetu, ndani kuna "my brother Salim" na kuna "my sister Zuhura", vyote nimeviacha bila mikato maana baada ya yale ya washiriki nilikuwa naiogopa. Akanirudishia faili na swali moja pembeni: una kaka wangapi, na dada wangapi? Nikadhani ni mazungumzo tu, mtu anataka kunijua. Nikamjibu kwa kirefu, kaka wawili, Salim ndiye mdogo wetu, dada mmoja, nikaongeza na habari za afya zao. Akanijibu ahsante, akaweka mikato miwili kumzunguka Zuhura, Salim akamwacha kama alivyo.

Makala ilipotoka nikawatumia kwenye grupu la familia. Zuhura kaweka moyo. Salim kakaa kimya nusu saa, halafu ikaingia meseji: "Bro, mbona dada kawekewa vile vimkia na mimi hapana?"